Kinundu cha mishipa ya damu ndani ya sikio: kukatwa, kupigwa mionzi au kusubiri?

Kabla hujauza ng'ombe wala kukopa kwenye kikoba kwa ajili ya safari ya Dar, shika hili: kinundu hiki hukua taratibu. Kwa kawaida huongezeka kama milimita 1 kwa mwaka, na vingine hukaa miaka bila kusogea. Aliyepewa majibu leo hana haja ya kupanda treni kesho kwa pupa. Anao muda wa kuuliza na kulinganisha njia zake tatu: kukatwa, kupigwa mionzi, au kuangaliwa kwa vipimo bila kuguswa.

Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya masikio, pua na koo hapa Tabora. Ugonjwa huu ni wa nadra, lakini familia zinazoupata huuliza karibu swali lile lile: "Njia ipi inaondoa uvimbe wote?" Mimi ningeanza na maswali mengine. Ukishatibiwa, utameza chakula chako? Sauti itatoka? Jicho litafumba? Njia hizi tatu zinatofautiana hasa hapo.

Kwenye karatasi ya majibu utakuta neno paraganglioma, au glomasi. Ni uvimbe unaotokana na vijichembe vya mfumo wa fahamu vinavyokaa kando ya mishipa ya damu, ndani ya ule mfupa wa fuvu unaobeba sikio. Stacy Guild wa Marekani alivieleza vijichembe hivyo mwaka 1941, na mwaka 1945 Mmarekani mwenzake Harry Rosenwasser akaripoti uvimbe wa vijichembe hivyo baada ya kumpasua mgonjwa. Makadirio yanayotajwa vitabuni kwa ule wa chini ya sikio ni mtu 1 katika watu milioni 1.3 kwa mwaka. Wanawake huupata zaidi ya wanaume, wengi wakiwa na miaka kati ya 40 na 60. Kwa sehemu kubwa si saratani, ingawa wachache, kama 5 katika 100, uvimbe wao husambaa.

Dalili inayowaleta watu ni mdundo. Sikio linadunda, hasa usiku nyumba ikitulia, na taratibu usikivu wa upande huo unapungua. Kuna kipimo kidogo tunachofanya hata kabla ya daktari kuingia. Nashika kifundo cha mkono cha mgonjwa, kidole changu kikiwa kwenye mapigo, kisha namwomba agonge meza kwa mkono wa pili kila anaposikia sauti sikioni. Akigonga sawasawa na mapigo ninayoyahisi, tunajua jambo hili ni la damu. Akisema hawezi kugonga kwa sababu sauti ni mluzi usiokatika, tunatafuta kwingine: kwinini aliyopewa kwa malaria, kelele za mashine, umri. Na hata mdundo wa kweli si lazima uwe kinundu. Upungufu wa damu, ujauzito na presha vinaweza kuuleta, na kwetu huku hayo ndiyo ya kila siku.

Daktari akiangalia kwa kifaa chake, ngoma ya sikio iliyo nzima huonekana ya kijivu-cheupe, inang'aa. Penye kinundu, nyuma ya ngoma panaonekana wekundu unaopanda kutoka chini, na ukitulia kuutazama unauona ukipiga. Akipuliza hewa kidogo kwa kapira kaliko kwenye kifaa hicho, wekundu hufifia. Hapo mikono yote irudi nyuma. Asitokee mtu wa kukata kipande akipeleke maabara, kwa sababu damu itakayotoka si ya kuzuiwa kwa pamba. Wenye tabia ya kuchokonoa kwa pini au kumwagia mafuta ya moto nao wameshaelewa. Matone ya dukani hayatafanya chochote hapa.

Kiko wapi hasa?

Huwezi kulinganisha njia kabla ya kujua kinundu kimekaa wapi, na jibu linatoka kwenye CT scan. Siku hizi hospitali za rufaa za mikoa zimefungiwa mashine hizo, Kitete hapa Tabora na Maweni kule Kigoma, kwa hiyo hatua hii haihitaji safari ndefu. Daktari anatafuta kitu kimoja: je, ule ukuta mwembamba wa mfupa kati ya sakafu ya sikio la kati na mshipa mkubwa wa damu unaoshuka shingoni bado ni mzima?

Ukiwa mzima, na kinundu kipo juu yake ndani ya chumba cha sikio la kati, una bahati. Ugo Fisch wa Zürich alivipanga vinundu hivi kwa herufi A hadi D, na hivi vidogo ndivyo A na B. Hapa sioni ulinganisho mrefu. Kwa mtu mwenye afya ya kustahimili nusu kaputi, upasuaji unashinda. Daktari huingia kupitia tundu la sikio au nyuma ya sikio, anakitoa, mdundo unakwisha, na mara nyingi usikivu unabaki au unarudi. Kukaa na kinundu kidogo kwa hofu ya kisu hadi kiwe kikubwa ni hasara, isipokuwa mgonjwa ni mzee sana na hakimsumbui.

Ukuta ukiwa umeliwa, na picha ikaonyesha kingo za mfupa zimechakaa kana kwamba zimetafunwa, kinundu kimetokea kwenye mshipa wenyewe. Hiki ndicho C, na kikishaingia ndani ya fuvu kinaitwa D. Hapo utahitaji pia MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, na hiyo ni hospitali ya Bugando, Mwanza, au Dar.

Ugumu wa C na D unatokana na majirani. Kwenye tundu la fuvu ambamo mshipa huo wa damu unapita, hupita pia mishipa ya fahamu ya 9, 10 na 11, na wa 12 upo karibu kabisa. Wa 9 na wa 10 ndiyo ya kumeza na sauti. Wa 11 huinua bega. Wa 12 ni wa ulimi. Wa 7, unaoendesha uso na kufumba jicho, hukatiza ndani ya mfupa wa sikio. Kinundu hukua katikati ya hao wote, na daktari anayekifuata hana budi kupita hapo hapo.

Kukatwa

Kwa kinundu kikubwa, upasuaji una hatua mbili. Siku 1 hadi 3 kabla, mtaalamu wa radiolojia hupitisha mrija mwembamba kuanzia kwenye kinena hadi shingoni, akaziba mishipa inayokilisha kinundu. Bila hivyo damu ingekuwa nyingi mno. Hatua hiyo nayo ina hatari yake: kitu cha kuzibia kikipotea njia kikaingia mishipa ya ubongo, ni kiharusi.

Kisha siku yenyewe. Mkato unaanzia nyuma ya sikio unashuka shingoni, mfupa unachimbwa kwa drili, na mara nyingi mshipa wa fahamu wa uso huhamishwa kutoka kwenye njia yake ili kupata nafasi. Uso unaweza kulegea kwa miezi, kwa wengine moja kwa moja. Katika upasuaji mkubwa wa aina hii tundu la sikio hufungwa kabisa, kwa hiyo usitarajie sikio hilo kusikia kama zamani. Ndugu watatakiwa kuchangia damu mapema, na maji ya ubongo yanaweza kuvuja baadaye.

Faida yake haipatikani kwingine: kinundu kikitoka chote, kimetoka, na unaweza kupata majibu ya maabara ya uhakika. Kwa kijana mwenye miaka 40 au 50 mbele yake hilo si dogo.

Mshipa wa fahamu unaokufa polepole kwa kubanwa huupa mwili muda. Upande wa pili wa koo hujifunza kufanya kazi ya pande mbili, na mtu anaendelea kula ugali wake bila kujua amepoteza nini. Mshipa huo huo ukikatwa siku moja mezani, mgonjwa anaamka hawezi kumeza mate, maji yanaingia njia ya hewa, anakohoa kila tonge, na nimonia inanyemelea. Kijana hufundishwa akazoea baada ya wiki au miezi. Mtu wa miaka 70 anaweza asizoee, akaishia kulishwa kwa mpira. Ndiyo maana mgonjwa aliyekuja na sauti ya kukwaruza na bega lililokwisha kushuka hupoteza kidogo kwenye upasuaji, maana mishipa hiyo imekwisha kufa na mwili umezoea. Aliyekuja akiongea na kumeza vizuri ndiye mwenye mengi ya kupoteza. Watu hudhani ni kinyume chake.

Mionzi

Mionzi haikiondoi kinundu. Inakifisha nguvu kisiendelee kukua. Utafiti wa miaka mingi unaonyesha zaidi ya wagonjwa 90 katika 100 kinundu chao husimama, na kwa sehemu yao hupungua kidogo. Wengi mdundo hupoa, si wote. Elewa hili kabla ya kuanza, maana baada ya mwaka utapiga picha na kukiona palepale, na shangazi atauliza fedha zimeliwa na nani.

Mionzi ya kawaida hutolewa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa takriban wiki 5, jumla ikiwa kati ya Gy 45 na 54 (Gy, yaani gray, ni kipimo cha mionzi). Unatengenezewa barakoa ya plastiki inayobana kichwa kisitikisike, unalala dakika chache, unarudi ulikofikia. Hakuna kisu, hakuna nusu kaputi, na mishipa ya kumeza na sauti kwa kawaida hubaki ilivyokuwa. Utachoka, nywele za sehemu hiyo zitapukutika, mdomo utakauka, ngozi ya sikio itawasha. Usikivu unaweza kushuka kadiri miaka inavyokwenda.

Ipo pia mionzi ya kulenga kwa usahihi mkubwa, inayomalizwa kwa siku 1 au chache, kipimo kikiwa Gy 12 hadi 16 kwa mara moja. Inafaa kinundu kisichozidi takriban sentimita 3. Jirani zetu wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, karibu na Nairobi, wana mashine ya CyberKnife kwa kazi hiyo. Mwenye uwezo aulize, lakini asijidharau kwa kukosa. Ile ya wiki 5 nayo inasimamisha kinundu.

Kasoro yake kuu ni kwa vijana. Mionzi huacha uwezekano mdogo wa saratani nyingine kuzuka mahali palepale miaka mingi baadaye, na ikitokea kinundu kikakaidi, kukipasua baada ya mionzi ni kugumu zaidi. Kwa mtu wa miaka 65 hoja hizo hazina uzito mkubwa. Kwa wa miaka 25 zina uzito.

Kusubiri

Kusubiri ni matibabu kamili yenye ratiba: MRI baada ya miezi 6, kisha kila mwaka, na kila mara daktari anaangalia sauti, ulimi, bega na uso. Kikitulia, unaendelea na maisha. Kikisogea, unachagua mionzi au kisu ukiwa bado una nguvu.

Wanaokataa njia hii husema wanahisi wametelekezwa. Nawaelewa. Mimi naiogopa kwa sababu nyingine: inategemea mtu kurudi. Kutoka Kasulu au Sikonge hadi penye MRI ni nauli, malazi na siku za shamba, na mwaka wa pili dalili zikiwa zile zile, wengi huona hakuna haja. Asiyerudi kupiga picha hasubiri tena, amesahau. Kama unajijua, au unajua mfuko wako, hesabu hilo kabla ya kukubali.

Kwa watu wawili tofauti

Chukua mama wa miaka 68, mkulima wa tumbaku Urambo. Kinundu ni cha C, sikio linadunda, lakini anaimba kwaya na anakula kila kitu. Kumkata ni kuhatarisha koo lake kwa ajili ya uvimbe ambao huenda usimuue kamwe. Ningemshauri asubiri kwa picha za kila mwaka, na kikikua, mionzi. Kisu kingekuwa cha mwisho kabisa.

Sasa chukua mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, miaka 32, kinundu cha ukubwa ule ule, sauti imekwaruza mwaka mzima na bega la kushoto limeshuka. Huyu ana miaka mingi ya kuishi na kinundu hicho, na mishipa yake miwili mitatu imekwisha kuzimika. Upasuaji unaingia mezani kwa haki. Kama bado anameza vizuri, kuna njia ya kati ambayo madaktari wengi huipenda siku hizi: kutoa sehemu iliyo sikioni, kuacha ile iliyokumbatia mishipa ya fahamu, kisha kuifuatilia au kuipiga mionzi ikianza kukua. Akiangukia mionzi ya wiki 5, kalenda ya uvuvi inaweza kumsaidia. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti; likifungwa tena, miezi hiyo hapotezi kipato cha mtumbwi.

Mwenye vinundu pande zote mbili asikubali kukatwa pande zote. Akipoteza mshipa wa 10 kulia na kushoto, hana sauti wala koo la kumeza, na hata kupumua kunakuwa shida. Upande mmoja lazima ulindwe kwa mionzi au kusubiri.

Kabla ya chochote

Kuna vipimo viwili ambavyo ni wewe wa kuviulizia visipotajwa. Vinundu vichache, kama 1 hadi 4 katika 100, hutengeneza homoni za jamii ya adrenalini. Mwenye hicho hupata presha ya kupanda ghafla, moyo kwenda mbio, jasho na kichwa kuuma. Hugunduliwa kwa kipimo cha metanefrini kwenye damu au mkojo wa saa 24. Akipelekwa chumba cha upasuaji bila kuandaliwa kwa dawa za kutuliza homoni hizo kwa wiki 1 hadi 2, presha inaweza kumuua mezani, au hata wakati wa kuzibwa mishipa. Akiandaliwa, upasuaji unawezekana.

Cha pili ni cha ukoo. Sehemu kubwa ya vinundu hivi, huenda theluthi moja, hurithiwa, na jeni inayohusika mara nyingi huitwa SDHD. Ina ajabu yake: mtoto aliyeirithi kwa baba ndiye kwa kawaida huugua, aliyeirithi kwa mama huibeba tu. Kwa hiyo daktari akiuliza kama baba mdogo au shangazi wa upande wa baba aliwahi kuwa na uvimbe shingoni, usione anapiga soga. Ukiwa na ndugu wa hivyo, shingo na upande wa pili navyo vipigwe picha.

Mwanza au Dar?

Bugando huhudumia mikoa ya Kanda ya Ziwa pamoja na Tabora na Kigoma, ina madaktari wa masikio na ina mionzi. Kwa anayesubiri au anayepigwa mionzi ya kawaida, ningeanzia huko: treni ya Tabora kwenda Mwanza ipo, na wa Kigoma anayepita Nyakanazi kwa basi anafika bila kuzunguka Dodoma. Kwa kinundu kikubwa kinachohitaji kuzibwa mishipa na kukatwa, Dar inashinda. Muhimbili kuna radiolojia tiba na wapasuaji wa masikio, MOI, taasisi ya mifupa, ipo kwenye uwanja huo huo kwa ajili ya ubongo na mishipa ya fahamu, na Ocean Road, hospitali ya saratani, ina mashine za kisasa za mionzi (LINAC) tangu 2018 endapo mionzi itafuata. Upasuaji huu unataka timu zaidi ya moja kwa siku moja, na timu hizo hukaa pamoja mahali pachache.

Muulize daktari wa kwanza akuandikie rufaa ya mahali utakapotibiwa, usihame hospitali tatu kwa barua ya moja. Wenye bima wathibitishe mapema kama MRI na mionzi vinalipiwa kwenye kifurushi chao. Asiye na uwezo aanzie dirisha la ustawi wa jamii kabla ya kulazwa, maana msamaha ukiombwa baada ya bili kutoka huchukua muda. Na ubebe CD yenye picha zenyewe. Karatasi ya majibu haimwonyeshi mpasuaji ukuta wa mfupa, na bila CD utapigwa CT scan nyingine kwa fedha yako.